Akili mnemba: Vikundi vya hiari visome mkataba

MASHIRIKA ya hiari yanayonunua huduma za akili mnemba yanaingia sokoni kama mnunuzi mwingine yeyote, tena mara nyingi bila mwanasheria wala fundi wa kukagua mzigo. Yaliyoipata NEDA mwaka 2023 yanaonyesha hasara yake.

NEDA ni chama cha Marekani kinachosaidia wenye maradhi ya ulaji, wakiwamo wanaojinyima chakula hadi kudhoofu. Simu yake ya msaada ilidumu zaidi ya miaka 20, na mwaka 2022 ilihudumia watu karibu 70,000 kwa waajiriwa wachache na watu wa kujitolea wapatao 200. Machi 2023, muda mfupi baada ya waajiriwa hao kupiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi, walitangaziwa kwamba huduma itafungwa. Uongozi ulitaja dhima ya kisheria na foleni ndefu. Ikabaki Tessa, programu ya kujibu maswali.

Tessa ilianza ikiwa bidhaa ya kuaminika. Majibu yake yaliandikwa mapema na wataalamu, nayo haikuweza kutunga lake. Lakini mwaka 2022 Cass, kampuni iliyoiendesha, iliiongezea uwezo wa kutunga. Mwishoni mwa Mei 2023 watumiaji walionyesha Tessa ikishauri kupunguza uzito na kuhesabu kalori, ushauri ambao kwa mgonjwa wa aina hiyo ni sumu. Ikazimwa hata kabla simu haijafungwa rasmi.

NEDA ilisema haikushauriwa. Cass ikasema mabadiliko yalikuwa ndani ya mkataba. Mfanyabiashara anaujua ugomvi huu: mzigo umebadilishwa ghalani, lebo ni ileile.

Kwa SACCOS au chama cha kusaidiana kinachofuatwa na wauza programu, kipengele cha kudai ni kwamba hakuna kinachobadilishwa bila idhini ya maandishi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana pia anayekusanya taarifa za wanachama, si muuzaji peke yake.

Nchini Kenya, shirika la Jacaranda Health hupokea maswali ya kina mama wajawazito kwa ujumbe mfupi wa simu. Kompyuta huyachambua na kuyatanguliza yenye dalili za hatari, lakini dawati la msaada bado lina watu. Mishahara ya dawati kama hilo ndiyo gharama ambayo bei ya programu haiitaji.