Uzi wa Kioo Mtoni: Utangulizi wa Upimaji wa Mazingira Papo Hapo

Mkazi wa Witeithie anayekwenda Juja huvuka mto Ndarugu, na mara nyingi hupishana na malori ya mawe yanayotimua vumbi la machimbo. Mto huo na vumbi hilo ndivyo tunavyokusudia kuvipima. Kwa desturi, mtaalamu huchota maji kwenye chupa, huyapeleka maabara, kisha majibu husubiriwa kwa siku kadhaa. Lakini uchafu uliomwagwa usiku huwa umekwisha kupita kabla chupa haijafika mtoni. Elimu ya upimaji wa papo hapo inataka mto upimwe muda wote, na majibu yasomwe papo hapo.

Vihisi vingi, yaani vifaa vinavyopima vyenyewe, hupima mahali pamoja tu. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, Ciira wa Maina na wenzake wamefuatilia kina cha mto Muringato kwa vihisi vinavyorusha mawimbi ya sauti hadi usoni mwa maji na kupima muda wa mwangwi kurudi. Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, hupima chembe laini za moshi na vumbi kwa jinsi zinavyotawanya mwanga wa leza.

Lakini faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, hupima urefu wake wote. Leza hupiga mwanga ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mwanga hukimbia humo takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na njiani chembe yake ndogo sana hurudi nyuma. Muda wa kurudi hueleza umetoka mita ya ngapi. Mabadiliko ya rangi yake hueleza joto la hapo, maana kioo kikipata joto, rangi moja ya mwanga huo huongezeka nguvu kuliko nyingine. Kebo nzima inakuwa kipimajoto, mita kwa mita, kwa kilomita kadhaa. Mwaka 2006 John Selker na wenzake waliwaonyesha wanasayansi wenzao wa maji jinsi ya kuilaza mitoni. Mchana wa jua, maji ya ardhini yakichipuka chini ya mto huonekana kama doa la baridi. Bomba likimwaga maji ya moto, doa la joto. Kwa watu wanaotegemea visima, kuyaona maji ya ardhini hivyo ni jambo kubwa.

Hata hivyo, joto halitaji jina la sumu, na mashine ya kuisoma faiba ni ghali. Naona ni busara kuanza na vihisi vya bei nafuu, alimradi awepo mtu wa kuvitoa matope na kuvilinganisha na kipimo cha kuaminika. Kihisi kilichoachwa bila mwangalizi huendelea kutoa namba, nazo huweza kuwa za uongo.

Basi wewe uliye jirani ya Ndarugu, chukua kipimajoto na daftari. Pima maji mahali palepale, asubuhi na alasiri, msimu mzima. Siku vihisi vitakapowekwa, daftari lako litahitajika.