Gumegume, Fataki na Pupu: Kuitambua Bunduki ya Urithi mjini Bunia

Miongoni mwa mali ambazo ukoo wa Bunia huweza kurithi ni bunduki kongwe ya kushindiliwa kwa mdomo. Aghalabu huitwa gobori, au pupu kwa Kiswahili cha Kongo, jina ambalo huifanya ihesabiwe kuwa kazi ya mhunzi wa kijijini. Hata hivyo, jina halitoshi kuonyesha asili.

Waungwana, ambao Kingwana kimeitwa kwa jina lao, walikuwa na bunduki za aina hiyo katika vituo vyao kando ya mto Ituri Stanley alipopita mwaka 1887. Baadaye, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zenye kasiba isiyochongwa mifuo ndani. Kwa hiyo gumegume si ushahidi wa ukale: Ulaya ilikuwa imekwisha kuiacha na kushika fataki, ilhali viwanda vyake viliendelea kuiunda kwa soko la Afrika.

Uchunguzi na uanze kwa usalama, kwani baruti ya kale bado yaweza kulipuka. Ufito hutiwa ndani ya kasiba hadi ukome, kisha hulinganishwa na urefu wa nje; ukiishia mbali na kifa, huenda bunduki imeshindiliwa, nayo iachiwe fundi wa silaha.

Hatua ya pili ni kutazama mtambo. Wa gumegume una taya za kushikia jiwe na kisahani cha baruti. Wa fataki una nyundo na kifa chenye tundu.

Hatua ya tatu ni kusoma alama. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni muhuri wa ukaguzi wa Liège, Ubelgiji. Taji juu yake liliongezwa mwaka 1893. Kasiba iliyotokana na bomba la kawaida, isiyo na muhuri, huelekea kuwa ya pupu halisi.

Kusugua chuma kwa msasa hufuta ushahidi huo. Aidha, katika mkoa ulioonja vita tangu 1999 na kuwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwaka 2021, silaha isiyo na kibali humtia mrithi hatarini. Ikilazimu kuikabidhi kwa wenye mamlaka, alama zake na masimulizi ya wazee yaandikwe kwanza. Chuma chaweza kuondoka, historia ya ukoo ikabaki.