Kufuli tatu, funguo tatu: Chama cha Sirisia chajadili pesa zisizo na mwenyekiti

JE, msomaji, ungekubali akiba ya chama chenu itunzwe mahali pasipo na mwenyekiti, pasipo na mweka hazina, wala afisi ambayo aliyedhulumiwa anaweza kwenda kubisha hodi?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Sirisia, Kaunti ya Bungoma, Jumamosi moja ya majuzi. Shangazi yangu ni mwanachama wa chama cha akina mama 19. Kumi na mmoja wanaishi papo hapo kijijini, wakilima mahindi na kahawa. Watano wako mjini Bungoma, na watatu huuza mitumba Kitale. Kila mwezi kila mmoja hutoa shilingi 1,000. Walio mbali hutuma kwa M-Pesa, ilhali walio karibu huja na noti zilizofungwa kwenye pindo la leso.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Akina mama hawa daftari walikuwa nalo. Ila mwaka uliopita katibu wao alihama ghafla, na daftari likahama naye. Kwa miezi miwili hakuna aliyejua kwa hakika nani amelipa na nani anadaiwa. Wa Kitale waliwashuku wa Sirisia, na wa Sirisia wakawanunia wa Bungoma. Shangazi aliniambia kwamba kilichomuuma si pesa, bali kuona watu waliozikiana wazazi wakipitana sokoni bila hata kusalimiana "mulembe".

Ndipo mwana wa mmoja wao, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipowaletea dawa. Dawa yenyewe inaitwa blokicheni.

Kwa lugha ya kawaida, blokicheni ni daftari lenye nakala katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Mstari mpya hauingii mpaka kompyuta hizo zikubaliane. Kila ukurasa umefungwa kwa ule uliotangulia, hivyo anayetaka kughushi hesabu ya jana hana budi kughushi na ya leo, tena katika nakala nyingi mno. Bitcoin, sarafu ya kwanza ya aina hiyo, ilianza Januari 2009 ikiwa kazi ya mtu (au watu) aliyejiita Satoshi Nakamoto. Mtandao wa Ethereum ulifuata mwaka wa 2015, ukiruhusu hata mikataba iandikwe kama programu na ijitekeleze yenyewe.

Vijana wetu wengi huishia hapo: daftari halifutiki, bosi hakuna, mambo ni shwari. Lakini kanuni za daftari hilo nani huziandika? Na zikihitaji kubadilishwa, nani huinua mkono?

Mwaka wa 2016 ulianzishwa juu ya Ethereum mfuko ulioitwa The DAO. Haukuwa na mkurugenzi. Waliochangia ndio wangepiga kura kuamua pesa ziende wapi, nao walichanga mali ya zaidi ya dola milioni 150. Juni 17 mwaka huo, mjanja mmoja aligundua tundu katika programu na kuchota takribani ether milioni 3.6. Kukazuka ubishi mkali. Wengine walishikilia kwamba programu ndiyo sheria, na kama iliruhusu achote, basi ni zake. Wengi wao walikataa. Mwezi uliofuata wakaandika kanuni upya ili pesa zirudi kwa wenyewe, na waliopinga wakabaki na daftari la zamani, ambalo mpaka leo huitwa Ethereum Classic. Kwa hivyo lile daftari lisilogusika liligeuzwa na watu, baada ya kukosana.

Kisa cha Steem, mtandao wa waandishi na wasomaji, kinanitia hofu zaidi. Mapema mwaka wa 2020 tajiri aitwaye Justin Sun aliinunua kampuni iliyokuwa nyuma yake, pamoja na rundo kubwa la sarafu zake. Wenyeji wakahofia kwamba rundo hilo lingepiga kura na kuwameza, wakalizuia. Machi, kura zilipopigwa, sarafu ambazo wateja wa kawaida walikuwa wameziweka katika masoko makubwa ya sarafu zilitumiwa kumuunga mkono Sun, bila wenyewe kuulizwa! Wenyeji wakafunganya virago na kuanzisha mtandao wao, Hive, Machi 20.

Nilipomsimulia shangazi hayo, aliuliza jambo moja tu: kwani huko sarafu ndizo hupiga kura, au watu?

Hapo ndipo penye fundo lote. Katika mitandao mingi ya aina hii, aliye na sarafu 1,000 ana kura 1,000, na aliye na moja ana moja. Katika chama cha Sirisia, mjane wa ekari nusu na mwenye duka la jumla huinua mkono mmoja mmoja. Sheria ya vyama vya ushirika nchini Kenya pia inafuata kanuni hiyo: mwanachama mmoja, kura moja. Hebu fikiri chama cha kahawa ambamo mwenye kilo nyingi ana kura nyingi. Bei ya mkulima mdogo ingepangwa na nani?

Hata hivyo, tusijifanye malaika. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukaguzi uliotangazwa mwaka wa 2025 kuhusu KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo, ulionyesha kuwa takribani shilingi bilioni 13.3 zilikuwa zimepotea. Kura moja kwa kila mwanachama haisaidii kitu ikiwa vitabu vinasomwa na wachache walio afisini. Kwa hilo, yule mwanafunzi ana haki ya kusikizwa.

Kenya yenyewe imeonja mambo haya mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, wakiongozwa na Mmarekani Will Ruddick. Wazo lilikuwa rahisi: siku ambayo shilingi imeadimika, mama wa mandazi bado ana mandazi na mwenye bodaboda bado ana pikipiki, basi kwa nini wasihudumiane? Serikali ilishtuka. Ruddick na wenzake watano walikamatwa na kushtakiwa, na mashtaka hayo yakaondolewa Agosti mwaka uo huo.

Vocha hizo zilizaa Sarafu, iliyohamia kwenye simu na baadaye kwenye blokicheni. Simu ya mulika mwizi ilitosha. Mtu alibonyeza nyota na reli tu. Wakati wa janga la korona, Sarafu ilishika kasi Mukuru, Nairobi, na Kinango, Kaunti ya Kwale, kwa msaada wa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 ilikuwa na watumiaji wapatao 40,000. Iliota mizizi kwa sababu ilipandwa juu ya vyama vilivyokuwapo tayari, watu wanaojuana kwa sura na kwa deni.

Ila chini ya Sarafu kuna mtandao mwingine unaoibeba. Umebadilishwa zaidi ya mara moja, na hatimaye Sarafu ikatua kwenye Celo. Machi 2025 Celo nayo iliacha kusimama peke yake na kuegemea Ethereum, baada ya kura za wenye sarafu ya Celo. Kura hizo hazikuwa za kila auzaye mboga kwa Sarafu.

Turudi Sirisia. Mkutano ulifanyika chini ya mparachichi, mama 17 wakihudhuria. Kijana alieleza vizuri, sitamnyima sifa zake. Akafika kwenye maneno 12 ya siri ambayo ni ufunguo wa mkoba wa sarafu. Kukhu mmoja, mkongwe wa chama, akauliza itakuwaje karatasi yenye maneno hayo ikiliwa na mchwa. Kijana akakiri kwamba pesa hazingepatikana tena. Kukawa kimya.

Akajitetea kuwa kuna mikoba isiyofunguka mpaka watu watatu watie sahihi. Akina mama wakacheka. Sanduku la kufuli tatu wanalijua tangu zamani!

Waliafikiana hivi: sanduku linunuliwe, ufunguo mmoja ukae Sirisia, mmoja Bungoma na mmoja Kitale. Kila ukurasa wa daftari upigwe picha na kutumwa kwa wote kwenye WhatsApp kabla ya yeyote kuinuka. Na kijana apewe miezi mitatu kujaribu daftari lake, lakini aandike zamu za kupalilia tu, asiguse hata senti.

Ubishi wa mwisho ulihusu nauli ya mwenye ufunguo wa Kitale, kama ajilipie au alipwe na chama. Mikono ikahesabiwa mara mbili, maana mara ya kwanza mtoto wa jirani alikuwa ameinua wake. Kumi na wawili walitaka chama kilipe, watano wakakataa.