Herufi Moja ya Heshima

Tukitaka mtu mmoja asome tunamwambia "soma". Wakiwa wengi tunasema "someni". Lakini mbele ya mzee hatusemi "soma" kavukavu. Tunasema "tafadhali usome". Ile a ya mwisho imegeuka e.

Watu wanaosema Kihispania nao wana jambo linalofanana na hilo. Lugha yao husemwa Hispania, Kuba, Meksiko na nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Hata hapa Afrika, Guinea ya Ikweta huitumia.

Maneno yao ya matendo huishia na -ar, -er au -ir. Kusema ni hablar (h haitamkwi). Kula ni comer. Kuandika ni escribir. Ukimwamuru rafiki au mtoto, ondoa r: habla, come. Kwa escribir, i nayo hugeuka e: escribe.

Kwa mzee au mtu usiyemjua, geuza herufi ya mwisho. Penye a weka e, penye e weka a: hable, coma, escriba. Wakiwa wengi ongeza n: hablen, coman, escriban. Huko Hispania kuna namna nyingine kwa marafiki wengi, lakini hii tuliyotaja inatosha kuanzia.

Sasa angalia coma. Hutamkwa "koma"! Mtu wetu akiwekewa chakula halafu aambiwe "koma", si ataona anafukuzwa? Kumbe anakaribishwa kwa heshima. Na yeye akimwambia bibi kizee wa nyumba ile "come", huenda bibi akaona amefanywa mtoto. Tofauti ni herufi moja tu.

Iko pia amri ya kujihimiza pamoja, kama "tusome" yetu. Hapo huongeza -mos: hablemos, comamos, escribamos. Mwaka 1961 nchi ya Kuba ilifanya kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Kitabu cha walimu kiliitwa Alfabeticemos, yaani "tufundishe kusoma na kuandika". Zaidi ya watu 700,000 walijifunza kusoma mwaka huo. Walimu wengi walikuwa vijana wa mijini, wakaenda kukaa na wakulima vijijini.

Basi fikiri kijana wa miaka 15 anamfundisha mkulima mwenye mvi. Kusoma ni leer. Amwambie "lee" au "lea"? Yeye ni mwalimu, ni kweli, lakini mwanafunzi wake ni mzee. Kwa adabu atasema "lea".