TEKNOLOJIA: Diski mpya huenda ikaifanya kompyuta kuukuu ijikokote

WENYE shule, vyuo vya kompyuta na saiba kutoka Naivasha hadi Molo wamezoea mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo. Diski inapoharibika, hununua mpya jijini Nakuru. Mashine ikizidi kujikokota baada ya hapo, lawama huangukia virusi, ilhali huenda kosa limo katika mpaka uliochorwa ndani ya diski yenyewe.

Diski huhifadhi data katika vipande viitwavyo sekta. Kwa miaka mingi, kila sekta ilikuwa ya baiti 512. Kufikia mwaka 2011, watengenezaji walikuwa wamekubaliana kuhamia sekta za baiti 4,096, yaani nane za zamani zilizounganishwa. Ili mifumo endeshi ya kale isikwame, nyingi za diski hizo hujifanya bado zina sekta ndogo.

Hapo ndipo tatizo huanzia. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, huanzisha sehemu ya kwanza ya diski katika sekta ya 63. Kwa kuwa 63 haigawanyiki kwa nane, mafungu ya data hulalia sekta kubwa mbili badala ya moja.

Chukua mfano wa ghala la mahindi. Mzigo wa gunia moja ukitiwa nusu huku na nusu kule, mwenye ghala hulazimika kufumua magunia mawili na kuyashona upya kila anapoubadilisha. Ndivyo diski inavyotaabika wakati wa kuandika.

Windows Vista ya mwaka 2007 na zilizofuata huanzia sekta ya 2,048, inayogawanyika kwa nane. XP nayo huweza kukaa katika sehemu iliyoanzia hapo. Kwa hivyo, gawanya diski kwa mfumo mpya kwanza, kisha uweke XP bila kuifuta mipaka hiyo.

Kukagua, fungua programu ya msinfo32, utazame baiti ambapo sehemu inaanzia na kuigawanya kwa 4,096. Hesabu ikibakisha kitu, kama ilivyo kwa 32,256 ya XP, mpaka umekaa upande.

Kabla ya kuuhamisha, nakili data yote kwingine, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi, rekodi za shule zaweza kupotea. Aidha, Microsoft iliacha kuihudumia XP mnamo Aprili 8, 2014. Anayeihitaji kwa programu za kale asiiunganishe na intaneti.