Je, Wajua? Lenzi Kuukuu, Kamera Kubwa na Maji ya Boyoma

Kisangani ilionwa na kamera za msafara mapema. Mwaka 1909 Herbert Lang na James Chapin, wa jumba la makumbusho ya historia ya asili la New York, walipanda Mto Kongo hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, kisha wakaelekea misitu ya kaskazini-mashariki. Hadi safari ilipokwisha mwaka 1915, Lang alikuwa amepiga picha zaidi ya 9,000.

Kwa wapenzi wa lenzi kuukuu, kasoro ya mwaka 1840 ndiyo inayotafutwa leo. Joseph Petzval, mwanahisabati wa Vienna, alibuni lenzi ya kupigia picha za sura, na Voigtländer akaiunda. Ilipitisha mwanga zaidi ya mara kumi kuliko ile ya kamera ya Daguerre. Katikati ni kali, lakini kingoni picha huzunguka kama maji ya maporomoko ya Boyoma ya Kisangani, wanakovua Wagenia, nyuma ya mwamba. Ukitaka mzunguko huo, msimamishe mtu mbele ya majani yanayopenyeza mwanga, na tundu la lenzi liache wazi.

Ulaini huongezwa kwa kuzungusha. Mwaka 1866 Dallmeyer wa London alitoa lenzi ambayo sehemu yake ya nyuma hulegezwa kwa mkono. Kadiri unavyoilegeza, ndivyo picha inavyolainika.

Si kila lenzi inatosha kamera kubwa. Picha ya filamu ya milimita 35 ina ulalo wa milimita 43 tu. Filamu ya inchi 4 kwa 5 inakaribia 163. Lenzi ya kamera ndogo itakuachia pembe nyeusi. Muulize muuzaji lenzi inafunika ukubwa gani wa filamu.

Hata sinema ilijua kwamba si kila lenzi huifaa kila kamera. Mwaka 1951 sehemu ya filamu ya *The African Queen* ilipigwa kwenye Mto Ruiki, kusini mwa Kisangani. Kamera ya Technicolor ilipitisha filamu tatu kwa pamoja, na prizimu iliyo nyuma ya lenzi ilikula nafasi. Ilibidi lenzi za kuonyesha eneo pana zibuniwe upya kwa ajili ya kamera hiyo.

Kifuniko ndicho shata. Lenzi nyingi za karne ya 19 hazina shata: mpiga picha alivua kifuniko, akahesabu, akakirudisha. Kwenye jua kali, filamu ya ISO 100 kwa f/45 inataka kama 1/12 ya sekunde, na mkono hauwahi. Weka karatasi ya picha ya ISO 6 badala ya filamu, utapata sekunde moja na kidogo. Maji yatalainika na kuwa meupe chini ya majukwaa ya miti ya wavuvi wa Wagenia.

Adui ni unyevu. Vioo vya lenzi hizi viligandishwa kwa utomvu wa mti wa Kanada wa jamii ya msonobari, nao ukizeeka hugeuka manjano au huachia. Kisangani iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta na mvua hunyesha mwaka mzima, kwa hiyo kuvu haikosi unyevu. Kabla ya kulipa, mulika tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili. Rangi za upinde wa mvua kingoni ni utomvu unaoachia. Nyuzinyuzi zilizotapakaa ni kuvu. Mikwaruzo midogo haina neno, ila lenzi yenye kuvu iliyokwisha kuchimba kioo mwachie mwenyewe.