Globu inaungua, dima nayo inakufa: kwa nini?

Leo naomba niweke siasa pembeni niongelee kitu kilichotaka kunigombanisha na shangazi yangu: dima, ile swichi ya kuzungusha inayoongeza na kupunguza mwanga wa taa.

Sebuleni kwa shangazi kuna taa ya kuning'inia yenye globu sita za zamani, kila moja wati 40. Usiku mmoja globu ikaungua, breka ikashuka. Aliporudisha breka zile tano zikawaka kwa nguvu zote, ukizungusha dima haisikii. Akanipa hela, nikamnunulia nyingine Kariakoo. Haikumaliza miezi miwili, globu nyingine ikaungua na dima ikafa vilevile. Hapo ndipo nikaambiwa nimenunua feki, chenji nimekula. Jamani! Mimi ni wa form four tu na fizikia nilipata D, lakini iliniuma, ikabidi nitafute chanzo.

Kumbe dima haikuwa na kosa. Ndani ya globu za aina ile kuna uzi mwembamba wa tungsteni. Unapokatika, kati ya ncha mbili inaweza kuruka cheche kama ya fundi wa kuchomelea, ikahamia kwenye zile nyaya nene zinazoshika uzi. Sasa kilichokuwa kinazuia umeme hakipo tena njiani, inakuwa kama shoti. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, ila umeme unaopita ni mwingi mno. Taa nzima ya shangazi, wati 240 kwa volti 230, kwa kawaida inakula ampia 1 na kidogo tu.

Ndani ya dima nako kuna kidude kinaitwa traiaki, ndicho kinachokata umeme mara 100 kwa sekunde ili mwanga upungue. Chukua ile ndogo inayoitwa BT136: ni ya ampia 4, na kwa ghafla inavumilia kama ampia 25 kwa milisekunde 20. Shoti ya globu inaweza kuzidi hapo. Breka ya ukutani imewekwa kulinda nyaya za nyumba, kwa hiyo mpaka ishuke traiaki imeshaungua, na mara nyingi inabaki imeshikana. Ndiyo maana taa za shangazi ziliwaka bila kusikia dima.

Sasa kinga. Globu nzuri huwa na fyuzi yake humo ndani, kipande cha waya mwembamba karibu na kitako. Za bei chee mara nyingi hawaiweki, na dukani huwezi kuiona. Ila globu ikiungua na breka ikashuka, hiyo aina achana nayo. Niliiangalia ile ya shangazi: kioo cheusi kwa ndani, nyaya zimeyeyuka ncha.

Dima yenyewe tafuta yenye fyuzi ya haraka ndani. Ikikatika weka ya aina ileile, na fundi akitaka kuziba kwa kipande cha waya mkatalie. Usinunue dima ya wati 250 kwa taa za wati 240, panda juu, ya 400 au zaidi. Kubwa inavumilia vizuri zaidi, ingawa nayo si kwamba haifi.

Halafu washa taratibu. Uzi ukiwa wa baridi unapitisha umeme kama mara kumi ya ule wa kawaida, ndiyo maana globu nyingi zinakufa pale unapobonyeza swichi. Anza na mwanga mdogo, ndipo upandishe. Na ukibadilisha globu zima kwanza, usichomeke taa ikiwa inawaka.

Mimi nimemshauri shangazi ahamie LED, hazina uzi wa kukatika. Lakini angalia boksi liwe limeandikwa kwamba zinakubali dima. Tulipoweka sita za wati 4 zikaanza kupepesa, maana jumla ni wati 24 na dima nyingi za zamani zinataka 40 au 60 kwenda juu. Tukabadilisha dima, tukaweka ya LED. Safari hii shangazi alikwenda dukani mwenyewe, akarudi analalamika bei. Ile chenji hajaitaja tena.